Ndugu wa Ziwa Moja

Wifi yangu Mwanamkuu alikuwa na ngozi ambayo hata mimi, nisiyempenda, nilikuwa naiangalia mara mbili. Nyeusi ya kung'aa, haina kipele, haina kovu la moto wala la ndui. Na alijua. Akitoka kuoga alipita uani taratibu na khanga moja kifuani, kana kwamba ua wetu ni barabara ya Kilwa na yeye ndiye gari pekee. Siku moja nikamwambia, "Wifi, kimbia, upepo utakuchubua." Akanijibu bila kugeuka, "Wivu nao unachubua, Mwanaidi. Jiangalie." Ndivyo tulivyoishi. Mawifi hawahitaji sababu ya kugombana, na sisi sababu tulikuwa nazo tele.

Kaka yangu Nassibu alimuoa tulipokuwa bado Maparoni, kule deltani, watu wa mpunga na samaki. Mimi na bibi harusi tulikuwa rika moja, tumezaliwa msimu mmoja wa kilimo. Mama yetu, Bi Mwanaheri, alikuwa keshafariki. Ilipofika enzi ya ruksa, bidhaa zikaanza kumiminika kutoka Dar, Nassibu akahamia Kibiti akafungua duka la mitumba kando ya barabara. Mimi nilikuwa nimeachika, nikawafuata. Tukawa na nyumba moja, ua mmoja, majiko mawili.

Robota likifika, Nassibu analikata kamba na Mwanamkuu anachagua kwanza: blauzi laini, sketi za mikunjo, gauni la Mzungu lenye vifungo mgongoni. Nguo hizo watu wetu waliziita kafa ulaya, kwa kuamini kwamba mwenyewe hufa kwanza huko ndipo zinapouzwa huku. Waliliamini hilo na bado wakazigombania.

Kwa hiyo mabaka yalipomtoka, mtaa mzima ulijua yametoka wapi. La kwanza lilikaa chini ya titi, bapa, limevimba kidogo, rangi ya zambarau iliyofifia. Likafuatwa na mengine mgongoni. Baadaye vikaja vinundu, vigumu chini ya kidole, mikononi, shingoni, mwisho kwenye paji la uso. Vilikuwa haviumi na haviwashi sana. "Ni kafa ulaya," walisema wanawake kisimani. "Mwenye blauzi anaidai."

Nassibu, mtu asiyependa maneno, akafanya kosa. Alichukua pipa, akalijaza maji, akachemsha robota zima uani, mchana kweupe, akazianika nguo kwenye kila kamba na kila uzio. Alitaka kuwaonyesha wateja kwamba duka lake ni safi. Wateja walichoona ni mwenye duka anachemsha nguo kwa woga. Tangu siku hiyo hata waliotoka Mloka, ambao walikuwa wakinunua bila kunusa, walianza kupita moja kwa moja hadi duka la pili.

Baadaye wakasema ni ukoma. Bwana wa kliniki akamgusa kila baka kwa unyuzi wa pamba, yeye kafumba macho, na kila ulipogusa alisema, "Hapo. Hapo tena." Penye ukoma mtu hahisi. Si ukoma, akasema yule bwana. Wakasema basi ameukwaa. Miaka ile mtu akikonda tu ameukwaa, seuze mwenye vinundu usoni. Akapimwa UKIMWI, hana. Akapimwa tena, hana. Mtaa ulipata habari za majibu siku ileile na haukuyakubali. Nadhani watu walitaka awe nao, maana ukijua ugonjwa wa mwenzio unajua pia ukae naye mbali kiasi gani.

Sasa niseme jambo lililomtia hofu Mwanamkuu, maana halikuwa kufa. Nyuma ya nyumba yetu alikuwa akikaa mke wa dereva wa lori, naye alifariki kwa UKIMWI. Mwanamkuu alikwenda msibani, wakati huo bado anakaribishwa. Akawaona waoshaji wamejifunga mifuko ya plastiki mikononi, wamesimama hatua mbali, wanamwagia maiti maji kwa ndoo kama watu wanaozima moto. Walimaliza upesi sana. Mgongo haukuguswa.

Alirudi akamkuta Nassibu uani, na mimi kwenye ungo nachambua mchele. Hakukaa.

"Baba Khalidi," akasema, "miye nikifa unioshe weye."

Nassibu akamwambia aache maneno ya kifo.

"Siachi. Nimezaa wanaume wawili, wako Dar na mambo yao. Binti sina. Mama yuko Maparoni, mpaka maji yajae apate chombo miye nishazikwa. Nani atanishika?" Akaninyooshea kidevu. "Huyu? Huyu ataniosha kwa fagio."

"Na fagio lenyewe la chooni," nikasema.

Tukacheka, mimi na yeye. Nassibu hakucheka. Alikwenda kumuuliza Mwalimu Bashiru wa madrasa, akarudi akasema mume ana ruhusa ya kumuosha mkewe. "Nitakuosha," akamwambia. "Kwa mikono hii." Kisha, kama mtu anayeweka rehani, akachukua chupa ya mafuta ya nazi akaanza kumpaka. Ikawa kila jioni baada ya magharibi, mlango wazi, taa ya kandili sakafuni, kaka yangu anampaka mkewe mafuta kinundu kwa kinundu kwa viganja vitupu. Nilikuwa nawaona kutoka jikoni kwangu. Mume wangu mimi hakuwahi hata kunikuna mgongo. Niliona wivu, na ulikuwa mkubwa kuliko ule wa ngozi.

Vinundu vilipoanza kupasuka na kuwa vidonda, tulimpeleka Dar. Hospitali kubwa wakamkata kipande kidogo cha ngozi, wakakipeleka kwenye darubini. Daktari wa ngozi aliitwa Sadala, mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kabla ya kusema jambo baya. Akafuta. Akasema ni saratani ya chembe za damu, zile nyeupe zinazopigana na maradhi, zimeharibika zikahamia kwenye ngozi. Akasema tena kwamba saratani ya namna hiyo mara nyingi huletwa na kirusi.

"UKIMWI," akasema Mwanamkuu.

"Hapana. Ni jamaa wa mbali wa kile cha UKIMWI, lakini si chenyewe. Hiki hukaa kimya mwilini miaka arobaini, hamsini. Wengi wanazeeka nacho na kufa kwa mambo mengine. Wachache ndio wanageukiwa hivi."

Kulikuwa na watafiti waliokuwa wakipeleka damu nje kupimwa kirusi hicho, naye akaomba damu zetu: ya mgonjwa, ya mumewe, na ya mama yake mzazi, maana kirusi hicho hupita hata kwa maziwa. Akaomba na ya mtu mmoja anayekaa nyumba hiyo lakini halali kitanda hicho, ya kulinganishia. Huyo ndiye mimi. Bi Johari, mama yake Mwanamkuu, aliletwa kutoka Maparoni kwa shughuli hiyo, amevaa buibui lake la Idi, mgongo umenyooka. Alimpa muuguzi wa kutoa damu mkono kama anayempa zawadi.

Majibu yalichukua miezi. Tulipoitwa tena, Mwanamkuu alikuwa amekonda na vinundu vimemfunga jicho moja. Daktari alituketisha sote katika chumba kimoja, akafuta miwani.

Kirusi alikuwa nacho Mwanamkuu. Alikuwa nacho Nassibu. Nilikuwa nacho mimi. Bi Johari hakuwa nacho.

"Si niliwaambia!" akasema Bi Johari, akapiga paja. "Ziwa langu safi."

Mimi sikusikia lililofuata. Nilikuwa naangalia mikono yangu, juu na chini, kama niliyeiazima. Daktari alinigusa bega akarudia: kuwa na kirusi si kuugua, huenda nisiugue maisha yangu yote. Hakiambukizi kwa kugusana wala kwa kula sahani moja. Hupita kwa damu, kwa kitanda, na zaidi kwa maziwa ya mama. Mimi na Nassibu, akasema, bila shaka tulikipata kwa mama yetu.

"Na huyu kakipata kwa mumewe," akasema Bi Johari upesi.

"Angeweza kukipata kwa mumewe," akasema Daktari Sadala. "Lakini saratani hii kwa kawaida huwatokea waliokipata wachanga, wakinyonya. Bibi, mtoto huyu alinyonya kwako peke yako?"

"Kwa nani tena?" Akavuta buibui likamfunika mdomo. Daktari akasubiri.

Njiani kurudi, lori lilikwama kwenye tope tukakaa nusu siku, na katika nusu siku hiyo Mwanamkuu hakumtazama mama yake hata mara moja. Alikuwa akifikiri. Mimi pia nilikuwa nafikiri, na sikupenda nilikokuwa naelekea. Mama mmoja mwenye kirusi, naye ni mama yetu. Watatu tunacho. Wawili tumemnyonya.

Tulipofika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, Mwanamkuu akachukua msahafu kwenye rafu akauweka juu ya mkeka mbele ya mama yake.

"Mama, uliniambia umeninyonyesha miaka miwili. Apa."

Bi Johari ni mwanamke asiyekosa sala. Aliuangalia msahafu ule kwa muda, mkono ukaenda, ukarudi mapajani. Kisha akaanza kulia kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyechoka.

Alieleza. Msimu aliozaliwa Mwanamkuu watu walikuwa wamehamia mashambani, kila familia kwenye dungu lake, kibanda kile cha juu ya nguzo tunachokaa kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Dungu la Bi Johari na dungu la mama yetu yalikuwa jirani, na mengine yalikuwa mbali. Huko akashikwa na jipu la ziwa, kulia, halafu kushoto, yakaoza yote mawili. Mwanamke kijana, mtoto wa kwanza. Na siku zile mwanamke akioza maziwa walisema amewapa wachawi wenzake maziwa hayo, sasa wanamdai na mtoto. Alimuomba mama yetu amsitiri, na mama akamsitiri. Alfajiri na jioni Bi Johari alipanda ngazi ya dungu letu na mtoto chini ya khanga, na mama akawanyonyesha wawili.

"Mwanaidi ziwa la kulia, Mwanamkuu la kushoto," akasema. "Mpaka mpunga ukakomaa. Mpaka tukavuna."

Kwa asiyefahamu: kwetu mtoto akinyonya kwa mwanamke shibe tano kabla hajatimiza miaka miwili, yule mwanamke ni mama yake, na wanawe wote ni ndugu zake. Ndugu haoani na ndugu. Hilo hata mtoto wa madrasa analijua.

"Na ukaniachia nikaolewa," Mwanamkuu akasema.

"Walipokuja kuposa, Mwanaheri keshakufa, hakuna ajuaye ila miye. Ningesema, ningesema na habari ya ziwa. Nikajiambia ilikuwa mara chache." Alijifuta uso. "Nilizihesabu kichwani, mwanangu, kila nikilala. Kila nikihesabu zinapungua. Mpaka zikawa tatu. Zilipofika tatu nikapokea mahari."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumwonea huruma, na yote mawili hayakunitoka, nikaenda kuwasha moto.

Mwalimu Bashiru alikuja kesho yake. Alisikiliza yote, na kwa haki yake hakukurupuka. Alisema ushahidi wa mwanamke mmoja haumtoshi kadhi kuvunja ndoa, na kwamba watoto ni halali yao, wamezaliwa watu wasijue. Kisha akamgeukia Nassibu.

"Miye sivunji. Lakini nakuuliza weye, baina yako na Mola wako. Unamsadiki huyu mama au humsadiki? Ukimsadiki, ni dada yako, huna ruhusa ya kumkalia kama mke hata siku moja. Usipomsadiki, ndoa yako iko palepale."

Mlango ulikuwa wazi hata sasa, na jiko langu linachemka bila mtu. Mwanamkuu alikuwa amekaa ameegemea ukuta, jicho lake moja zima juu ya mume wake.

"Sema humsadiki," akasema. Hakuficha, alisema mbele ya Mwalimu. "Baba Khalidi, sema tu. Mzee huyu, kachanganyikiwa. Sema."

Na ilikuwa rahisi. Bi Johari mwenyewe alikuwa amekwishaanza kutikisa kichwa, yuko tayari kuikana kauli yake. Lakini Nassibu aliniangalia mimi. Nilichokuwa nacho kilikuwa ndani ya damu yangu, na yeye alijua, na mkewe alijua. Mama mmoja alikuwa ametutia chapa watatu. Shahidi wa pili nilikuwa mimi, nimekaa tu.

"Namsadiki," akasema kaka yangu.

Mwanamkuu hakulia. Aliuliza jambo moja, kwa Mwalimu. "Na kuniosha?"

Mwalimu alielewa, maana ndiye aliyeulizwa mwanzo. Akashusha macho. "Kaka hamwoshi dada yake wanawake wakiwepo. Wanawake wasipokuwepo, hapo ndugu wa kiume anaweza. Lakini Kibiti nzima, mama, wanawake watakosekanaje?"

Nassibu alihamia dukani usiku uleule, akawa analala juu ya marobota ya kafa ulaya. Bi Johari alirudi Maparoni na chombo cha kwanza. Alimbusu mwanawe utosini, pasipo na kinundu, na Mwanamkuu akamwacha ambusu, basi. Mimi nilibaki na wifi yangu, ambaye sasa si wifi yangu.

Magharibi iliyofuata Nassibu alikuja, akasimama kizingitini, chupa ya mafuta mkononi. Dada wa kunyonya ni maharimu yako, unakaa naye, unasafiri naye, unamshika mkono. Mwalimu alikuwa amelisema hilo. Lakini kaka hakuvuka.

"Ingia," Mwanamkuu akamwambia. "Kaka haogopi dada."

"Mikono yangu haijui kama u dada yangu," akasema Nassibu. Akanipa mimi ile chupa, akaondoka. Niliusikia mlango wa duka ukifungwa kwa komeo.

Sikuwa nimewahi kumgusa. Nasema ilivyokuwa. Nilitafuta kitambaa, nikakilowesha mafuta, nikaanza mgongoni. Ngozi ile iliyokuwa ikipita uani kama gari ilikuwa sasa ya uvimbe na magamba, mahali laini, mahali kama gome.

"Mwanaidi."

"Nini?"

"Hilo ni fagio."

Nikasimama na kitambaa changu. Daktari alisema hakiambukizi kwa kugusana, na hata kingekuwa kinaambukiza, mimi ninacho tayari, tena tumekipata kwenye mlo mmoja. Nilikuwa naogopa nini? Niliogopa kuona mwili wangu wa kesho, hilo tu. Bado naogopa, kila nikioga najigeuza mwangani. Nikatupa kitambaa, nikamimina mafuta kiganjani.

"Ziwa la kushoto," nikasema, nikimpaka. "Ndiyo maana nilikuwa mwembamba utotoni. Mwizi."

"Ungekuwa umenipa la kulia ningekuwa mrefu." Akacheka, kicheko kikamkata pumzi. Baada ya hapo aliacha kuniita wifi. Alikuwa akiniita dada, kwa dhihaka mwanzoni, kwa vile alivyokuwa anajua kunikera. Sijui siku gani dhihaka iliisha.

Nassibu alikuja kila siku. Alileta maji, alileta kuni, alileta maembe ambayo Mwanamkuu hakuweza kuyala. Alikaa kizingitini, mgongo kwenye mwimo, wakazungumza habari za duka na za watoto. Khalidi na mdogo wake walikuja wakakaa siku chache, wakalia, wakarudi Dar. Jirani walikuja mpaka kwenye uzio. Habari ya ndoa ilikuwa imewafikia, ikachanganyika na ile ya ugonjwa, ikawa sasa mabaka yale ni adhabu ya kuoana ndugu. Kafa ulaya ikapata nafuu. Watu wakarudi kununua nguo.

Mwishoni Mwanamkuu alikuwa na kiu isiyokatika. Alikunywa ndoo na akaomba ndoo, akaanza kusema mambo ya ovyo, akawafukuza ndege kwenye mpunga ambao haukuwepo. Asubuhi moja kulipopambazuka sawasawa, nikiwa nampa maji kwa kijiko, hakumeza. Nikamfunga kidevu kwa utepe, nikamfunika, nikaenda dukani. Nassibu alikuwa ameshafungua. Aliponiona nakuja bila mtungi ninaopita nao kila asubuhi kwenda kisimani, akaanza kuzitoa nguo za siku ile kwenye kamba na kuzikunja, moja moja, kwa uangalifu, mpaka nikamshika mkono.

Maji ya mto yalikuwa yamekupwa, chombo cha Maparoni hakipo mpaka kesho. Maiti wetu hawalali, huzikwa siku ileile. Nikateka maji, nikachuma majani ya mkunazi, nikaponda karafuu maiti, nikaweka kitanda cha kuoshea nyuma ya pazia. Wanawake wa mtaa walikuja watatu, wale wanaoosha siku zote. Nitakuwa mwenye haki: walikuja. Walisimama mlangoni, mikononi wamejifunga mifuko ya plastiki, nyeusi, mipya.

"Ivueni," nikasema.

Mkubwa wao akaangalia chini. "Mwanaidi mwenzangu, tuna watoto."

"Si UKIMWI. Daktari kasema hakiambukizi kwa kugusa. Miye nimempaka kwa viganja hivi."

"Tumesikia. Tutamwagia maji vizuri tu. Hatutafanya vibaya."

"Mtamgeuza? Mtamsugua mgongo?"

Mkubwa wao akakaza fundo la mfuko wake. Mmoja alikuwa analia, na sikuwa na hasira naye, ila nilikuwa na hasira ya kutosha kwa wengine. Nilitoka nje hadi kwenye benchi la wanaume. Nassibu alikuwa pembeni ya Mwalimu Bashiru, mikono katikati ya magoti.

"Mwalimu," nikasema, na wanaume wote wakageuka kwa kuwa sikupunguza sauti. "Ulisema kaka anaweza kumwosha dada yake kama wanawake hawapo."

"Nilisema. Lakini wanawake si hao mlangoni?"

"Waulize weye. Waulize nani ataingia mikono mitupu."

Mwalimu aliinuka, akanyoosha kanzu yake, akaenda mpaka karibu na mlango, akawauliza. Aliwauliza kwa upole, mara mbili. Upepo ulikuwa unaichezea ile mifuko. Alisubiri mpaka mwenyewe akaona aibu kusubiri, akageuka.

"Wanawake hawapo," akasema. "Nassibu, inuka."

Tukaingia wawili, nikashusha pazia. Sehemu za siri niliziosha mimi, kwa kitambaa, chini ya khanga, kaka amegeuza uso. Vilivyobaki tuliviosha pamoja, yeye anamimina kwa kata, mimi nasugua, kisha mimi namimina yeye anasugua. Tulimgeuza. Mikono ya Nassibu ilipita mgongoni bila yeye kuangalia, kila kinundu akikikuta mahali alipokiacha. Alikuwa hajamgusa tangu siku ile ya neno lake. Alipofika begani alisimama, akanyoosha mkono nyuma kwenye rafu, palipokuwa pakikaa chupa ya mafuta.

"Maiti hapakwi mafuta ya nazi, kaka," nikamwambia.

"Najua," akasema, akaurudisha mkono.

Nje wanaume walikuwa wakijiandaa na jeneza. Mwalimu Bashiru akakohoa upande wa pili wa pazia, akauliza, kama desturi yake kabla ya kusoma dua, "Mnaoosha ndani humo ni nani wake?"

Nassibu akafungua mdomo. Neno la zamani lilikuwa limekwisha, na hili jipya hakuwahi kulitumia hata mara moja mbele za watu. Machozi yalimtoka yakaingia kwenye maji ya kata.

"Ndugu zake," nikajibu mimi. "Sote wawili. Mimina, kaka, upande wa kushoto bado."